Mwenye Muhogo Ule ni Nani

Makiso, Kisangani

Mwanangu Riziki,

Assalamu alaikum. U hali gani? Umefikaje, umelala vizuri, masikio yameacha kuvuma baada ya ndege? Najua kwamba ninapoandika maneno haya uko chumba cha pili, unabishana na mama yako juu ya sanduku lisilotaka kufungika, na ningeweza kukuuliza kwa kupaza sauti tu. Lakini utaisoma barua hii ukiwa Nairobi, ndiyo maana nauliza hali ya Nairobi. Sisi hapa tu wazima, tunamshukuru Mungu. Nimeswali alasiri, nimefunga karakana mapema, na wateja nimewaambia leo mota haitengenezwi hata kama mtu amekwama katikati ya mto.

Mambo ya nguo, ya chakula, ya kutozubaa barabarani, mama yako amekwisha kuyasema, na nikimsikia vizuri anayasema kwa mara ya tatu. Mimi sitayagusa. Nataka kukuandikia jambo moja ambalo unalijua, ila nilikuambia haraka haraka, maana mtu mwenye aibu husema haraka. Leo nalisema polepole, tangu mwanzo, kwa sababu unakwenda kusomea kazi ambayo mimi niliifanya vibaya: kusimama kati ya watu wawili na kusema kwa niaba yao. Usiogope, si barua ya huzuni. Naiandika nikitabasamu, na mama yako amechungulia mara mbili kuuliza nacheka nini.

Kiingereza changu nilikiokota Kampala. Sikukisoma. Shule yangu iliishia mwaka wa sita wa msingi, na chuoni kwa mwalimu wa Kurani niliishia pale unapopajua. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, tonton yangu, yaani mjomba, anauza vitenge karibu na kituo cha mabasi, kazi yangu kubeba mizigo na kuita wateja. Kiingereza cha kuita wateja ni kidogo ila kina sauti kubwa. Niliporudi Kisangani nilikuwa na maneno mia tatu na kiburi cha maneno elfu tatu. Hapa bandarini kila mtu ana Lingala yake, Kiswahili chake, na Kifaransa chake cha kupapasa, lakini mwenye Kiingereza alikuwa kama mwenye redio peke yake mtaani. Wakaniita Mister. Mafuta ya mota yamenifika viwikoni, bado ni Mister. Nilipenda jina hilo, mwanangu, kuliko nilivyokubali kwa mama yako.

Katika Kiingereza changu hicho, mtu alikuwa “he”. Mwanamume “he”, mwanamke “he”, mbuzi naye “he”. Kwetu mtu ni yeye, awe mume, awe mke, na mpaka leo naona hiyo ni adabu nzuri ya lugha yetu. Mimi niliichukua adabu hiyo nikaipeleka mahali ambapo haijulikani.

Na nilikuwa na ugonjwa mwingine wa ulimi, wa kujificha nyuma ya watu. Mama yako atakuambia. Mwaka wetu wa kwanza wa ndoa nilikaa mezani nikaonja pondu, kisamvu chetu, nikasema kwa upole:

“Wanasema pondu ya leo imezidi chumvi.”

“Wanasema nani?” akauliza. “Kwa meza iko wewe peke yako.”

“Bon, watu.”

“Basi hao batu bakuje bapike.”

Nilicheka, nikala, sikujifunza kitu.

Ulikuwa na miaka tisa pale walipokuja watafiti wa mimea, watu wa Kiingereza, na mkubwa wao alikuwa Dokta mmoja kutoka Ghana, mpole, mwenye daftari la jalada gumu. Walitaka mtumbwi wa kuwashusha mto hadi vijiji vya upande wa Yangambi. Enzi hizo majani ya muhogo yalikuwa yanajikunja na kuwa ya manjano mto mzima, mashina yanadumaa, watu wanachimba wanapata mizizi kama vidole. Walikuwa wamesikia kwamba kuna kijiji kimoja chenye muhogo usiougua. Kijiji chenyewe ni kwao mama yako, na shamba lenyewe ni la koko yako, mama yake mzazi.

Ule muhogo haukuanguka kutoka mbinguni. Kila msimu koko yako alipita shambani, akang'oa kila shina lililojikunja, hata likiwa na mizizi, na miche akaichukua kwenye shina lililokataa kuugua tu. Majirani walimcheka kwamba anatupa chakula. Aliendelea, msimu baada ya msimu, hadi shamba lake likasimama peke yake.

Watafiti walikodi mtumbwi wangu, na waliponisikia nawajibu kwa Kiingereza wakafurahi: basi wewe ndiye utakayetutafsiria. Nilivaa shati jeupe.

Tulikaa katika banda la kapita, mkubwa wa kijiji, Papa Lokwa. Akatukaribisha kwa maneno marefu, nikayatafsiri, nikamtaja jina lake vizuri mbele ya wageni. Kisha koko yako akasimama. Akaeleza kazi yake yote, jinsi anavyochagua, jinsi anavyong'oa, na jinsi alivyochekwa. Mimi nikafungua kinywa kumtafsiria, na hapo ndipo nilipokwama.

Wewe unaujua mwiko, ila hujawahi kuubeba. Nilipomwoa mama yako, wajomba zake walinikalisha chini, wakanitajia jina la mama mkwe wangu, kisha mmoja akasema: “Tumekuambia jina hili leo ili ujue lile usilolitaja.” Tangu siku hiyo halijatoka kinywani mwangu, na hata hapa sitaliandika. Mkwe hataji jina la mama mkwe. Ninyi wajukuu ndio mnaolichezea, mnaliita kama mnaita kuku. Bon. Wageni wamekaa na kalamu, koko yako amesimama, na jina siwezi kulitaja. Nikafanya nini? Nikasema “he”. Akang'oa, “he”. Akachagua, “he”. Na mtu wa mwisho niliyekuwa nimemtaja kwa jina ni Papa Lokwa.

Dokta aliandika. Mara moja akainua kichwa, akaelekeza kalamu upande wao, kapita ameketi, koko yako amesimama karibu naye, akaniuliza: huyu? Nikasema ndiyo, “he”. Nilifikiri anamwonyesha koko yako. Au nilitaka kufikiri hivyo, kwa sababu watu walikuwa wananitazama na Kiingereza kilikuwa kinatiririka.

Msimu uliofuata nikawarudisha. Nilipofunga mtumbwi nikaona kibao cheupe kimesimamishwa kwenye shamba jipya la miche, na jina lililoandikwa kwa rangi nyeusi lilikuwa la Papa Lokwa. Wageni wanapiga picha naye. Koko yako alikuwa shambani kwake na jembe. Alinitazama. Mimi nilipita mbele ya kibao kile kama mtu anayepita mbele ya mlango wa anayemdai.

Tangu siku ile hakunisemesha tena. Nikifika kijijini anamwambia mtoto yeyote aliye karibu: “Mwambie ule mwenye mota, maji ya kunawa iko pale.” Chakula cha nyumba yetu hakukigusa. Mama yako akimpelekea samaki, anampa jirani. Alikuwa na hakika kwamba nimeuza muhogo wake kwa kapita, na mama yako akawa anakwenda kwao peke yake, anarudi kimya, ananiuliza: “Ulisema nini siku ile?” Namjibu: “Nilitafsiri alivyosema.” Miaka kumi, Riziki. Niliswali swala tano kwa wakati wake, na kati ya swala na swala nilikuwa mwongo.

Unaweza kuuliza kwa nini sikurekebisha. Ningemwendea Dokta nikamwambia: Bwana, kibao kimekosewa. Angeniuliza kimekosewaje, na ningelazimika kusema: sijui Kiingereza. Hilo tu. Nilikuwa tayari mama mkwe wangu apoteze sifa ya shamba lake ili mimi nisipoteze Mister.

Halafu siku moja ukaja karakanani. Ulikuwa na miaka kumi na tano, umetoka shuleni, ukaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa wakati mimi nasafisha buji, zile plagi za mota. Ukasoma kwa sauti hadithi ya Kiingereza, msichana na kaka yake wanakwenda sokoni. Nikakusahihisha.

“Sema ‘he’ amenunua samaki,” nikakuambia. “Si ‘she’.”

“Papa, iko dada yake ndiye alinunua.”

“Dada, kaka, yote ‘he’.”

Ukaniangalia. “Nani alikufundisha?”

“Kampala nzima.”

“Basi Kampala nzima iko wanaume?”

Fundi mwenzangu alicheka hadi akaangusha bisibisi. Wewe hukucheka. Ulichukua kipande cha katoni ukachora watu: mwanamume upande huu, mwanamke upande ule, na kila mmoja na neno lake. Ukasema Kiingereza hakikubali kumwita mtu bila kumtambua kwanza. Nikakuuliza kwa ujanja, kama mtu asiyejali:

“Na kama iko wanaume wawili kwa hadithi?”

“Pale ‘he’ peke yake haitoshi. Unarudisha jina kwanza, halafu ‘he’ inafuata nyuma ya jina.”

“Na usiporudisha?”

“Watu watafikiri iko ule wa mwisho alitajwa.”

“Hata kama ule wa mwisho iko kapita?”

“Kapita gani?”

“Kapita yeyote,” nikasema, nikainama tena kwenye buji ambazo zilikuwa safi tayari.

Kabla ya siku ile ningeweza kujitetea kwamba sikujua. Baada ya katoni yako nilijua kila kitu: neno gani, wapi, na kwa mdomo wa nani. Na bado nilinyamaza miaka minne mingine. Hiyo ndiyo sehemu ninayoionea haya zaidi, na nimeiandika hapa kwa wino ili nisije nikaisahau uzeeni nikajipa sifa.

Mwaka jana ikaja habari kwamba watafiti wanarudi, sasa wakiongozwa na Dokta mwingine, mama wa Kiganda, na kwamba wanataka kumshukuru kapita mbele ya vijiji vyote na kumkabidhi shamba kubwa la kuzalisha miche. Wakanipigia simu nitafsiri tena. Nikakata simu, nikakuita.

“Utatafsiri wewe,” nikakuambia.

“Na wewe papa?”

“Mimi nitaendesha mota.”

Unakumbuka tulikuwa wawili tu mtumbwini na pipa la mafuta, wageni wametangulia. Baada ya kile kisiwa kirefu nikazima mota, mtumbwi ukaanza kubebwa na maji, nikakuambia yote. Ulikuwa umekaa mbele, umenipa mgongo, na hukugeuka hadi nilipomaliza.

“Donc, basi, koko anafikiri ulimuuza.”

“Ndiyo.”

“Na ulimuuza?”

Nikasema: “Kwa bei ya kuitwa Mister, ndiyo.”

Hukunifariji, na hukunitukana. Ukasema: “Washa mota, papa.” Na tulipokaribia kijiji nikakuomba kitu kimoja, kwamba ukifika mahali pa kosa langu usinifunike. Ukasema, “Sijui kufunika kwa Kingereza.” Hapo nikajua kwamba nimezaa mtu.

Sasa acha nikuhadithie wewe mwenyewe, maana uliyekuwa mbele hukuona tuliyoyaona sisi wa nyuma. Banda lilikuwa limejaa. Akina mama wamekaa nyuma, koko yako katikati yao na kitambaa chake cha bluu, uso kama ukuta. Mimi nimesimama nje karibu na nguzo. Dokta akasema maneno ya shukrani, ukayatafsiri. Papa Lokwa akasimama kujibu, akasema tunashukuru, muhogo huu tuliutunza kwa miaka mingi. Ukageuka kwa Dokta, ukafungua kinywa, ukakifunga. Ukamrudia kapita.

“Papa kapita, pardon. ‘Tuliutunza’, iko akina nani?”

“Sisi.”

“Sisi iko nani?”

“Sisi watu wa hapa.”

“Ndiyo, papa. Lakini mutu wa kwanza kuchagua huu muhogo, alikuwa mumoja. Niko na taabu na Kingereza. Inaniuliza: ule mutu iko mwanaume ao mwanamuke? Bila jibu siwezi kuendelea.”

Akina mama wa nyuma wakaanza kucheka kwa chini. Mmoja akasema: “Jibu Kingereza, kapita, iko inangoja.” Nilishika ile nguzo kwa nguvu. Msichana wa miaka kumi na tisa anamsimamisha kapita mbele ya vijiji vyote, na kama angekasirika, si wewe tu ungefukuzwa, jina la koko yako lingefukiwa kabisa.

Papa Lokwa hakukasirika. Nampa haki yake, Riziki, na wewe umpe kila utakaposimulia. Alivua kofia.

“Mwanamuke,” akasema.

“Wanamuke iko wengi hapa, papa.”

“Iko ule.” Akamwonyesha, akamtaja jina lake kamili, na la baba yake juu. “Miaka kumi ninapigwa picha na muhogo wa mutu. Walikuja na kibao wameandika tayari. Nilifurahi siku ya kwanza. Siku ya pili nilichoka.”

Nilisikia jina lile nililozuiwa kulitaja likiingia katika banda, kisha nikakusikia ukilisema kwa Kiingereza, jina kwanza, na baada yake “she”. “She” aling'oa. “She” alichagua. “She” alichekwa akaendelea. Mimi sina elimu, lakini nilielewa kila neno, kwa sababu yalikuwa maneno yale yale yaliyopita kinywani mwangu miaka kumi nyuma yakaharibika.

Koko yako akasimama. Wewe na kapita mlikuwa mmemfungulia mlango, na unamjua, hakuuacha wazi bila kuingia.

“Mulifikiri huu muhogo ilianguka kama mvua?” akawauliza majirani. “Ninyi mulisema: bibi anatupa chakula. Leo munakuja na vikapu.”

Akaeleza kwamba miche ya kwanza kabisa aliletewa na dada yake kutoka juu ya mto. Hapo nikaona ukisita tena, maana sasa walikuwa wanawake wawili, na “she” moja haiwezi kubeba wawili. Ukataja jina la dada, ukataja jina la koko, ukamtenga huyu na yule, nani alileta na nani alichagua, hata marehemu dada mtu akapata fungu lake mbele ya wageni ambao hawakumjua. Jina la marehemu nalo siliandiki, maana yeye pia ni mama mkwe wangu. Unaona orodha yangu ilivyo ndefu.

Kisha Dokta akauliza lile swali: basi kosa la kibao lilitoka wapi? Ulitafsiri kwa Kiswahili watu wote wasikie. Ukaniangalia. Hukunitaja. Ulingoja tu.

Nikatoka nguzoni. Ningeweza kusema kwa Kiswahili ukanitafsiria, lakini nilitaka kosa nilitoe kwa mlango ule ule lilioingilia. Nikasema kwa Kiingereza changu cha kuita wateja: kosa ni mimi. Mimi nilisema “he”. Ni “she”. Ni mama wa mke wangu. Maneno machache, na nilikuwa natoka jasho kama mtu anayevuta mtumbwi mchangani.

Koko yako hakunitazama. Alikutazama wewe.

“Riziki. Muulize ule mwenye mota. Hii maneno, ‘mama wa muke yangu’, ilikuwa wapi miaka kumi?”

“Papa,” ukasema kwa Kiswahili kile kile, uso haucheki hata kidogo, “koko anauliza, hii maneno ilikuwa wapi?”

“Mwambie nilikuwa nayo,” nikajibu. “Niliona haya kuitafuta kwa Kiingereza mbele ya watu.”

“Koko, anasema alikuwa nayo. Aliona haya.”

“Mister muzima,” akasema koko yako, “aliona haya.”

Wakacheka wote, kapita naye, Dokta naye aliyekuwa hajaelewa bado, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka. Nilikuwa nimeogopa kicheko hicho kwa miaka kumi, na kilipokuja kilikuwa kama maji ya kuoga.

Yaliyofuata unayajua, ila nayaandika kwa raha yangu. Kibao kilifutwa siku ile ile na kupakwa upya. Shamba la miche akakabidhiwa koko yako mwenyewe, na siku ya kugawa alimfanya Papa Lokwa ashike kikapu. Wanawake walitoka hata ng'ambo ya mto kuja kupokea miche kwake, na kila mmoja alimfundisha kwanza kung'oa ndipo akampa. Dokta akakuomba ukae naye msimu mzima kutafsiri, na msimu ulipokwisha akakuambia juu ya shule ya wakalimani ya Nairobi, ukafanya mtihani, na jina lako tulilisoma kwenye simu ya mama yako mara nne, kila mara akinipokonya asome yeye.

Mwanangu, usifikiri nakuambia uitupe miiko yetu. Wako watakaokuambia hivyo huko, kwamba mila ndiyo ilimfunga baba yako. Si kweli. Mwiko uliniambia nisitaje jina la mama mkwe wangu. Haukuwahi kuniambia nimpe mtu mwingine kazi ya mikono yake. Hilo nililiongeza mwenyewe. Zilikuwepo njia kumi za kumheshimu na kusema kweli kwa pamoja. Ningeweza kumwonyesha kwa mkono. Ningeweza kusema, huyu mama. Ningeweza kumwambia Dokta: mila inanizuia, muulize mwenyewe jina lake. Kila njia ilitaka kitu kimoja tu, nikubali kuonekana sijui.

Huko utakaa katikati ya watu wakubwa wenye haraka. Watasema “sisi”, watasema “wale”, watasema “inasemekana”, na utaona kama ni utovu wa adabu kuwasimamisha. Mimi nilikuona ukimsimamisha kapita, ukasema pardon, ukaliweka kosa upande wa Kiingereza chako ili mzee asiaibike, na bado hukupita bila jibu. Sikukufundisha hivyo. Sijui hayo uliyatoa wapi. Labda kwa yule anayeng'oa mashina yenye mizizi.

Na ukikosea, maana utakosea, rekebisha siku ile ile. Nilijaribu kungoja. Kosa linapongojwa, mtu analijengea kibao.

Nimalizie na habari ya jana, ambayo hukuiona kwa sababu mlikuwa sokoni na mama yako. Koko yako alifika na mtumbwi wa asubuhi kuja kukuaga, hilo unalijua. Lakini kabla hamjarudi, tulikuwa wawili uani, mimi na yeye. Tangu ule mkutano wa bandani amekuwa akila chakula cha nyumba yetu, ila maneno bado yalikuwa yanapita kwako: mwambie, muulize. Jana aliangalia huku, akaangalia kule, hakuna mtoto, hakuna jirani.

“Sasa mukalimani anaenda,” akasema. Alikuwa ananisemesha mimi. “Tutafanya namna gani?”

“Sijui, mama.”

“Hata mimi sijui.” Akamenya ndizi, akakata nusu, akaniwekea kwenye sahani. “Basi tusemeshane tu.”

Tukasemeshana. Kwanza mvua, kisha samaki, kisha wewe. Aliniambia niandike barua hii, na nikuambie yeye hajui kusoma lakini anajua kusubiri, ila si sana: muhogo unaweza kungoja ndani ya udongo, yeye hapana. Anataka nimsomee jibu lako mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Mungu akutangulie. Tafadhali, Riziki, tujibu upesi.

Mimi papa yako